Kapsuli za samaki kwenye kikundi cha familia

Shangazi Zuhura: *Imesambazwa mara nyingi.* MOYO UKIBANA MEZA HARAKA KAPSULI NNE ZA MAFUTA YA SAMAKI!! OMEGA-3 HUZUIA MOYO KUSIMAMA. WATUMIE UWAPENDAO.
Hamisi shemeji yangu, hii ni yako kabisa 🙏

Mjomba Hamisi: Asante shemeji. Chupa ninayo hapa kando ya kitanda.

Salma: Shikamooni. Shangazi, hiyo tafadhali usiitume kwingine. Mjomba, kifua kikibana usihangaike na chupa. Mwite aliye karibu, ipigiwe simu ambulensi.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Lakini si ninyi wenyewe wa wodi ya moyo mnaosema samaki ni mzuri?

Salma: Ni mzuri, ila si kwa namna hiyo. Mshipa wa moyo ukiziba, msuli unakosa oksijeni, potasiamu inavuja kutoka kwenye seli na umeme wa moyo unavurugika. Chemba za chini zinaweza kuanza kutetemeka ovyo, damu isisukumwe. Wengi wanaokufa kabla ya kufika hospitali huondoka na hilo.

Baraka: Kwaya ambayo kila mtu anaimba wimbo wake 😬

Salma: Haswa. Na hapo kinachookoa ni kukandamiza kifua bila kuacha, na mashine ya kushtua moyo. Kapsuli wakati huo bado iko tumboni.

Baraka: Da Salma, mbona mimi nimesoma kwamba asidi za mafuta ndizo zinazoharibu mapigo wakati wa shambulio? Sasa zinaharibu au zinatuliza?

Salma: Swali zuri, maana mafuta si kitu kimoja. Shambulio likianza, adrenalini inapanda, na akiba ya mafuta mwilini inamwaga asidi za mafuta kwenye damu. Mwaka 1968 madaktari wa Edinburgh waliona kwamba wagonjwa ambao kiwango hicho kilikuwa juu sana ndio waliopata zaidi mapigo ya hatari. Hayo hayatokani na ulichokula mchana.
Omega-3, yale mafuta yaliyomo ndani ya samaki, ni habari nyingine. Inaingia polepole kwenye utando wa seli za moyo, kwa wiki na miezi ya kula. Huko Australia miaka ya 1980 panya walilishwa kwa miezi mingi, wengine mafuta ya samaki, wengine ya kondoo. Mishipa yao ya moyo ilipobanwa, mapigo ya wale wa samaki hayakuvurugika sana kama ya wale wa kondoo.

Shangazi Zuhura: Panya! Mimi nauliza watu.

Salma: 😂 Watu wapo. Wales, 1989, wanaume 2,033 waliopona shambulio. Walioshauriwa kula samaki wenye mafuta, vifo vilipungua kwa asilimia 29 katika miaka 2. Italia, 1999, wagonjwa 11,324, kama gramu 1 ya omega-3 kwa siku, na vifo vya ghafla vilipungua.

Baraka: Basi Mjomba aendelee kumeza.

Salma: Ngoja kwanza. Majaribio ya baadaye, kwa watu wanaotumia statini (dawa za kushusha kolesteroli) na dawa nyingine za kisasa, mengi hayakuona faida hiyo. Utafiti mmoja wa 2005 wa watu waliopandikizwa mashine ya kushtua moyo ulikuta kwamba kwa baadhi yao mapigo ya hatari yaliongezeka. Halafu 2018, wagonjwa 8,179, gramu 4 kwa siku za EPA iliyosafishwa, ambayo ni aina mojawapo ya omega-3: mashambulio yalipungua, ila waliolazwa kwa mapigo yasiyo na mpangilio ya chemba za JUU walikuwa asilimia 3.1, dhidi ya 2.1 upande wa pili.

Mjomba Hamisi: Chemba za juu ndizo zangu. Daktari alisema bado hazijatulia.

Salma: Mjomba, unameza ngapi kwa siku?

Mjomba Hamisi: Nne asubuhi, nne usiku. Zimeandikwa 1000.

Shangazi Zuhura: Nane!!

Salma: Hiyo 1000 ni mafuta yote. Geuza chupa, soma yale maandishi madogo ya nyuma, EPA na DHA.

Mjomba Hamisi: Subiri miwani.

Mjomba Hamisi: EPA 180, DHA 120.

Salma: Miligramu 300 za omega-3 kwa kila moja. Kwa nane ni gramu 2.4 kila siku, na unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Kliniki wanajua?

Mjomba Hamisi: Sikuwaambia. Nilijua ni chakula tu.

Baraka: Samaki wa kula je, nao aache?

Salma: Hapana. Samaki wenye mafuta mara moja au mbili kwa wiki, ale bila wasiwasi. Hiyo dozi ndiyo inayonitia hofu.

Mjomba Hamisi: Kliniki ni Alhamisi. Nitaenda na chupa.

Salma: Usingoje Alhamisi, wapigie leo uwaulize kuhusu kapsuli. Zile dawa walizokuandikia wao usiache hata moja.

Shangazi Zuhura: Mimi kule kwa wastaafu nilishaituma. Ngoja nikaifute kabla hawajaamka.