Uliyewahi kukaa karibu na kifaru cha kivita: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada
Wakuu, habari za jioni. Kila vita ya Ukraine ikitajwa humu, ubishi wa vifaru unaanza: Abrams au T-90, Leopard au Challenger. Mwisho wake ni unene wa deraya (ngao ya mwili wake) na ukubwa wa mzinga, basi. Mimi nilipata bahati ya kutembelea makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, nikakiona kifaru Tiger 131 cha Wajerumani kilichokamatwa Tunisia mwaka 1943. Mzinga niliutazama kidogo tu. Muda wangu mwingi ulikwenda kwenye magurudumu. Yamepandana: ukitaka kubadilisha la ndani, lazima ufungue ya nje kwanza. Nikawafikiria mafundi waliofanya kazi hiyo kwenye tope na baridi, huku adui yuko jirani.

Kwa hiyo naomba tusikie kutoka kwa waliovishika. Uliyekiendesha, uliyekitengeneza, hata uliyekiona kikipita mlangoni kwenu, karibu. Siri za jeshi lolote tusiziweke hapa.

Bin Seif wa Muscat
Assalamu alaikum. Wazee wangu wametoka Unguja, mimi nimezaliwa huku na nimestaafu ufundi wa magari ya jeshi. Nitayasema yale tu yaliyo wazi kwa kila mtu.

Oman ndiyo nchi pekee nje ya Uingereza iliyonunua Challenger 2: 18 mwaka 1993, halafu 20 mwaka 1997. Kina tani zaidi ya 62, injini ya dizeli ya Perkins yenye silinda 12 na nguvu farasi 1,200. Vya kwetu viliboreshwa mfumo wa kupoza, na sababu anaijua yeyote aliyewahi kuweka kiganja juu ya chuma mwezi wa Julai jangwani.

Watu huniuliza kuhusu mzinga. Lakini kazi ya kwanza asubuhi ni filta ya hewa na mnyororo. Vumbi la huku ni laini kama unga wa ngano, likipita filta, injini imekwisha. Mnyororo nao una kipimo chake: ukilegea, unachomoka kifaru kikikata kona, ukiukaza mno, unakula bushi na pini. Unapita upande mmoja na tochi, unagusa kila kiungo, unasikiliza nati iliyolegea, halafu unahamia upande wa pili. Injini ikikataa kabisa, hatuitengenezi pale pale. Injini na gia boksi vinang'olewa pamoja kwa kreni, vinawekwa vingine, kifaru kinarudi kazini.

Mzinga wake ni wa mm 120 na una mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu. Waingereza waliung'ang'ania kwa sababu ya kombora lao moja linalojibandika ukutani kabla ya kulipuka, zuri sana kwa kubomoa majengo na maboma. Mpakiaji anasukuma kombora kwanza, kisha baruti yake peke yake. Ubaya ni kwamba nchi nyingine za NATO karibu zote zina mtutu laini, hivyo risasi hamwezi kuazimana. Ndiyo maana toleo linalofuata, Challenger 3, linapewa mtutu laini wa Kijerumani.

Na ndiyo, ndani mna chombo cha umeme cha kuchemshia maji. Chai inanywewa humo humo milango ikiwa imefungwa. Msidharau jambo hilo, watu wanne wanakaa ndani ya chuma kile mchana na usiku.

Mama wa Kyaka
Vijana, mimi sijui injini. Nilikuwa mtoto Kyaka mwaka 1978. Novemba ile askari wa Amin walivunja daraja la Mto Kagera. Jeshi letu lilipokuja, vifaru havikuweza kuvuka hivi hivi, ikabidi wahandisi waweke daraja la muda. Kifaru cha Kichina cha wakati ule, Type 59, kilikuwa na tani 36 tu, nyepesi ukilinganisha na hivyo vyenu vya sasa. Hata hivyo hakipiti daraja lolote lile.

Ninachokumbuka vizuri ni kwamba unakisikia kwa miguu kabla ya masikio. Ardhi inatetemeka, sufuria zinagongana jikoni, ndipo mlio unafika. Bibi yetu alikuwa anatuita ndani kabla hatujaona chochote.

Mjomba wangu alifika hadi Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979. Alikuwa akisema barabara pale inapita katikati ya kinamasi, na kifaru kikishapanda barabara ile hakina kulia wala kushoto. Kikikwama cha mbele, vyote nyuma vimekwama. Leo mkinitajia tani 60 na kitu, mimi nauliza vitapita wapi.

Mwana wa Kilindini
Shikamoo mama. Hilo la uzito limenikumbusha Februari 2009, meli ya MV Faina ilipotia nanga Mombasa. Maharamia wa Kisomali walikuwa wameiteka tangu Septemba 2008, na ndani yake mlikuwa na T-72 thelathini na tatu. Serikali ilisema ni vya jeshi la Kenya. Ripoti nyingi zikasema vilikuwa vyaenda Sudan Kusini. Mimi nilitazama kwa mbali, na kilichonishangaza ni ufupi wake. Kimo ni kama mita mbili na kidogo. Nikajiuliza watu wanaenea vipi humo.

Mpakiaji wa zamani, Texas
Naomba nimjibu ndugu yangu wa Kilindini. Mimi ni wa Eldoret, nilihamia Marekani nikajiunga na jeshi, nikawa mpakiaji wa Abrams.

T-72 ni kifupi kwa sababu mtu wa kazi yangu hayumo. Wako watatu, na mashine ndiyo inapakia. Makombora 22 yamepangwa kwa duara sakafuni, chini ya watu wenyewe. Umepata kifaru kidogo, chepesi, kigumu kulengwa. Lakini deraya ikitobolewa na baruti ile ikawaka, kichwa chote cha kifaru kinarushwa hewani na hakuna anayetoka. Picha za Ukraine mmeziona.

Kwetu makombora mengi yako nyuma ya kichwa, yametengwa na sisi kwa mlango wa chuma. Nasukuma swichi kwa goti, mlango unafunguka, navuta kombora, naligeuza, nalisukuma ndani ya mtutu kwa ngumi, mtutu unajifunga, napaza sauti kwamba tayari. Sekunde saba zisipite. Nikiondoa goti, mlango umejifunga. Stoo ile ikipigwa, vibao vya juu vinafumuka na moto unatokea nje, siyo kwetu. Nimelala usingizi mzuri ndani ya kifaru kwa sababu ya mlango ule.

Gharama yake ni uzito na mafuta. Injini ni ya tabaini (turbine), nguvu farasi 1,500, inakunywa hata mkiwa mmesimama. Tangi linabeba karibu lita 1,900 na mnakwenda kilomita mia nne hivi. Bila malori ya mafuta nyuma yenu, hamwendi popote.

Msomaji mpya
Asanteni wakubwa. Sasa kwa hizi droni, vifaru si vimepitwa na wakati?

Bin Seif wa Muscat
Mwanangu, deraya nene iko mbele, kwa sababu adui alitarajiwa mbele. Ukitaka unene ule kila upande, hakuna injini itakayokisogeza. Juu ni pembamba, na kombora la kupigia vifaru kama Javelin linapanda kisha linashuka juu yake, droni vilevile. Ndiyo maana unaona wamejengea vizimba vya nondo, na wengine wanafunga mfumo kama Trophy wa Israeli, ambao rada yake inaliona roketi na kulidungua kabla halijagusa.

Ila tazama hizo video za droni za Ukraine kwa jicho la fundi. Vingi vilianza kwa kukanyaga bomu la ardhini, mnyororo ukakatika, wenyewe wakatoka, halikuja gari la kukivuta. Droni ikaja kukimalizia kimesimama. Jeshi likinunua vifaru bila magari ya kuvutia, bila vipuri na bila mafundi, limenunua shabaha.

Mwanzisha mada
Mzee Bin Seif, shukrani sana. Wa Uganda bado hamjasema kitu, na mna T-55 za zamani na T-90 kwa pamoja. Ndugu wa Kongo pia: kwenye barabara za udongo msimu wa mvua, vinasafirishwaje?