Nyota ya babu aliyepigana Bama: iuzwe au isiuzwe?

Mtoa hoja
Mwangaluka, watu wa Tabora, na shikamoo kwa wazee. Juzi baba mdogo kaniambia, tena bila kupepesa, kwamba nyota ya babu, medali yake ya vita ya pili ya dunia, kaiuza. Kuna mtu alipita Urambo akiulizia heleri, zile sarafu za Mjerumani, saa mbovu na "vyuma vya vita". Kaacha hela ya gunia moja la mahindi, kaondoka nayo.

Mimi nasema haikuwa ya kuuzwa, na sisemi kwa sababu ya uchungu tu. Babu alikuwa Keya, askari wa miguu wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki. Mwaka 1944 alikuwa Bama (Myanmar ya leo) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope mpaka ikafika mto Chindwin. Batalioni za 26 na 36 humo zilikuwa za Tanganyika. Nyota yenyewe ina ncha sita. Utepe wake ni wa bluu iliyoiva, mstari mpana mwekundu katikati, na huku na huku mstari wa rangi ya chungwa. Ukiigeuza nyuma, tupu. Hakuna jina wala namba. Ikikaa kwenye bati la biskuti pale nyumbani ni ya babu. Ikipanda basi la Dar ni nyota tu, haina mwenyewe.

Mkazi wa Isevya
Ndugu, unaongea umeshiba. Babu yako alivuka bahari kupigania mfalme wa watu, akarudi kulima tumbaku. Leo mjukuu anadaiwa michango ya shule, unamwambia atunze shaba? Huyo mnunuzi angalau katoa kitu. Na wewe hiyo nyota uliishika mara ya mwisho lini?

Mzee wa Ng'ambo
Marahaba, mwanangu. Nikurekebishe kidogo, wasije watu wakauza wakidhani zote ni sawa. Medali za Mwingereza za vita ya kwanza, ile ya fedha yenye mfalme na ile ya ushindi, zimechongwa ukingoni: namba, cheo, jina, kikosi. Chukueni kitambaa, futeni ukingo, someni. Za vita ya pili ndizo Mwingereza alizozitoa bila jina.

Halafu mnawasahau waliokuwa upande wa pili. Mji huu ulikuwa wa Mjerumani mpaka Wabelgiji walipouingia Septemba 19, 1916, na askari weusi walikuwapo pande zote mbili. Askari wa Mjerumani walikaa na madai ya mshahara mpaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa. Inasimuliwa kwamba wengi walikuja mikono mitupu, bila cheti, basi wakapewa fagio badala ya bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani. Aliyejua kwata akalipwa. Sasa wewe baba yako mdogo utampa fagio?

Na wapagazi je? Walikufa kwa maelfu na mizigo kichwani, nao hata hiyo shaba ya kubishania wengi hawakuiacha.

Binti wa Kaliua
Baba yangu ni wa vita ya Kagera, mgambo aliyechukuliwa 1978 akarudi 1979. Yuko hai, na nikimuuliza ananijibu "tulifika Kampala", basi, anaomba maji. Medali ninayo kabatini. Ila kikosi chake sikijui, na mtu wa kuuliza amekaa hapo barazani! Mtoa hoja, nakuunga mkono nusu. Kuipeleka makumbusho ya Kwihara nako, bila karatasi inayosema ni ya nani, utakuwa umeihamisha bati tu.

Mtoa hoja
Mkazi wa Isevya, umenipata. Niliishika mara ya mwisho nikiwa darasa la tano, nikaivaa kuchezea vita. Kesi ya kuuza nimeshindwa nusu, siwezi kumlaumu baba mdogo kwa michango ambayo mimi sikutuma.

Mzee, fagio sina, ila bibi mdogo bado yupo Urambo, na ndiye aliyekuwa akisomewa barua za babu kutoka huko. Jumamosi napanda basi na daftari. Dada wa Kaliua, tupite kwenu nikuachie kalamu?