Cheo kimoja, mmoja ameoa: mbona pesa ya mkononi inapishana?

Swali
Watu wawili, kampuni moja ya usafiri hapa Lubumbashi, mshahara wa msingi franka 1,000,000 kila mmoja. Aliyeoa, mwenye watoto watatu, anabeba zaidi. Tofauti inakaa mstari gani wa fishi ya paye (karatasi ya mshahara)? Na mama aliyeolewa, yeye pia anapata hivyo?

Mhasibu wa paye
Msingi uache kwanza, angalia mistari ya kukatwa. CNSS, yaani mchango wa hifadhi ya jamii, ni 5% kwa wote wawili: 50,000. Inabaki 950,000, ndiyo inayokatwa IPR, yaani kodi ya mshahara. Kwa bareme (ngazi za kodi) ya 3% hadi 162,000, kisha 15% hadi 1,800,000:

162,000 × 3% = 4,860
788,000 × 15% = 118,200
jumla 123,060

Asiyeoa analipa yote. Aliyeoa anapunguziwa 2% kwa kila mtu anayemtunza, wasizidi tisa. Mke na watoto watatu ni wanne: 8%, yaani 9,845. Ni 8% ya kodi, si ya mshahara! Hapo ndipo watu wanagombana bure na karani kila mwisho wa mwezi. Mmoja anabeba 826,940, mwingine 836,785.

Pengo likizidi hapo, tafuta posho ya watoto na ya nyumba. Kipengele cha 7 cha Sheria ya Kazi ya Kongo hakizihesabu ndani ya mshahara, kwa hiyo lazima ziwe na mistari yao.

Delege wa sendika
Kuhusu mama: punguzo linafuata watu anaowatunza, lakini ndoa haimletei faida ileile. Bwana mwenye familia, patroni (mwajiri) anamwona "hatatoroka", anampa saa za ziada na safari za usiku. Mama anaogopewa mimba. Likizo ya uzazi ni wiki 14 kwa theluthi mbili ya malipo. Kwa msingi wa 1,000,000, kila mwezi kama 333,000 hazipo. Akirudi, mara nyingi nafasi ya kupanda cheo imeshapita.

Kipengele cha 86 kinadai mshahara sawa kwa kazi, ujuzi na matokeo sawa. Cha 62 kinakataza kufukuza mtu kwa sababu ya ndoa au mimba. Na ruhusa ya bwana ili mke afanye kazi iliondolewa mwaka 2016. Patroni anayeidai anadai karatasi isiyo na kazi.

Jibu lingine, komini ya Kampemba, Lubumbashi
Wengi wanakosa punguzo la kodi kwa sababu ya dosye (faili la karatasi zao). Ndoa ya mila peke yake, bila kuandikishwa komini, ofisi nyingi hazipokei. Peleka cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na karatasi ya masomo kwa aliyepita miaka 18. Nakala moja wakupigie mhuri na tarehe ya kupokea, ubaki nayo. Mkifanya kazi wote wawili, mtoto msimhesabu pande mbili.

Muulizaji
Asanteni. Pengo lenyewe ni 60,000.

Mhasibu wa paye
Basi toa 9,845. Zinabaki 50,155, nazo lazima ziwe na jina kwenye fishi. Kama ni posho, sawa. Kama zimefichwa ndani ya msingi, ile milioni yao si sawa tangu mwanzo. Anayebeba kidogo apeleke fishi zote mbili kwa delege kabla ya kwenda kwa enspekta wa kazi.