Fielder ya Nakuru–Kisumu: redio ya Kijapani, skrini ya Android, au redio yenye kitufe cha sauti?

Section58
Habari wakuu. Gari ni Toyota Fielder ya 2014, redio yake bado inaongea Kijapani na FM inaishia 90. Njia ni Nakuru–Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho, mara nyingi kurudi ni usiku. Fundi ametaja njia tatu: kubaki na redio hiyo na kuongeza kipanua masafa (kifaa cha kuifanya ishike stesheni za juu ya 90), kuweka skrini ya Android ya inchi 9, au kutafuta redio ya skrini ndogo yenye kitufe cha kuzungusha sauti. Muziki si shida. Natafuta kisichonitoa macho barabarani.

Fundi_Bondeni
Anza na hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukitupia skrini jicho kwa sekunde mbili, mita 44 zimepita hujaona kitu, na mbele yako kuna trela linapanda Mau Summit polepole. Mwongozo wa 2013 wa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, umeweka kikomo hapo hapo: jicho lisikae zaidi ya sekunde mbili kwa mara moja, na jumla ya kuangalia kwa kazi nzima isizidi sekunde 12. Jarida la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima magari mwaka 2022 kwa kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya 2005, ya vitufe vitupu, ilimaliza kazi nne kwa sekunde 10. MG Marvel R, ya skrini, ilichukua karibu 45.

Kura yangu ni ya kitufe cha kuzungusha. Kidole kinakijua bila kuangalia.

Mzee_wa_Waya
Kipanua masafa ni rahisi: kinachomekwa kati ya waya wa antena na redio, kinapewa moto wa ACC (unaokuja ukizungusha ufunguo) na ethi. Cha megahezi 20 kinafanya 98.0 isomeke 78.0, kwa hiyo kila stesheni unaitoa 20 kichwani. Kasoro yake watu hawaambiwi: redio inaanza 76, hivyo kilicho chini ya 96 hukipati. Kabla ya kununua, andika stesheni unazosikiliza Nakuru na Kisumu uone ziko wapi.

Na ukichagua skrini, msimamie fundi kwenye waya tatu. Wa njano ni moto wa kudumu, mwekundu ni wa ACC. Akizibadilisha, redio inasahau saa na stesheni kila ukizima. Akiziunga pamoja kwenye moto wa kudumu, skrini hailali na asubuhi betri imekufa. Wa tatu ni wa rangi ya machungwa, unaoungwa na taa za gari ili skrini ipunguze mwanga usiku. Huu ndio wengi wanauacha ukining'inia, halafu dereva anasafiri gizani na tochi inamwangalia usoni.

Dada_Kondele
Naongeza jua. Asubuhi ukielekea Kisumu jua liko mgongoni, linapita kioo cha nyuma na kupiga skrini. Huoni ramani, unaona shati lako. Filamu isiyong'aa inasaidia, na fremu inayoinamisha skrini chini kidogo inasaidia zaidi.

Lakini usiguse paneli ya hewa! Mvua ya Kericho ikianza, kioo cha mbele kinashika ukungu ghafla. Unahitaji mambo manne upesi: hewa ielekee kiooni, AC iwake, iingie hewa ya nje na si ya ndani, joto lipande kidogo. Kwa vitufe ni kupapasa tu. Ikiwa fremu mpya inafunika kitufe cha hazadi au kubana matundu ya hewa, irudishe dukani.

Demio_Milimani
Mbona hakuna anayetaja kidhibiti cha Mazda? Demio ya kuanzia 2014 yenye skrini ina kidhibiti cha kuzungusha karibu na gia, na skrini haikubali kuguswa gari likitembea. Mkono unapumzika mahali pamoja.

Fundi_Bondeni
Ni kweli, ila bado unasoma menyu. Kwa sauti na simu inafaa, kwa kutafuta wimbo hapana. Na haiwezi kuhamishiwa Fielder.

Section58
Nimeelewa. Usukani wangu una vitufe vya sauti. Vitafanya kazi na redio mpya?

Mzee_wa_Waya
Vitafanya, kama redio ina waya za KEY1 na KEY2, zile za kusoma vitufe vya usukani. Zikishaungwa, unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza kitufe cha usukani, unagusa kazi yake kwenye skrini, unahifadhi. Anza na sauti juu, sauti chini na kupokea simu.

Upana nao upime. Nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi za Japani ni milimita 200, redio za kawaida ni 178, kwa hiyo utahitaji vipande vya pembeni.

Usilipe kabla ya kujaribu haya papo hapo: washa taa, skrini ififie. Zima gari dakika kumi, uwashe, stesheni ziwepo. Kisha zima tena, washa na uingize rivasi hapo hapo, kwa sababu skrini za bei ya chini huchukua nusu dakika kuamka na kamera inachelewa nazo. Mwisho, gari likiwa limesimama, fumba macho: punguza sauti, washa hazadi, elekeza hewa kiooni. Ukishindwa na kimoja, mwambie fundi abadilishe kabla hajafunga skrubu.