Mbu wa Bagamoyo: vimelea vitakosa ujanja?

MWANZISHA MADA: Wakuu, tuongee bila kurushiana mawe. Ifakara Health Institute na Imperial College London wametengeneza mbu pale Bagamoyo waliopachikwa jeni za sumu mbili, moja asili yake nyuki, nyingine chura. Vimelea vya malaria hukua polepole ndani yao. Walijaribiwa kwa damu ya watoto wenye malaria, na matokeo yaliyotangazwa 2025 yakawa mazuri. Bado wako maabara.

Mimi nakumbuka klorokwini: chungu, halafu unajikuna usiku kucha. Vimelea vikawa sugu, mwaka 2001 tukaiacha ikaja SP (sulfadoxine na pyrimethamine kwenye kidonge kimoja); nayo vikaizoea, 2006 ikaja mseto. Na kimelea hiki kinamdanganya hata mbu. Kina protini, Pfs47, inayofanya kinga ya mbu isikione. Ile ya Afrika ni tofauti na ya Amerika ya Kusini, kwa kuwa kilipofika huko kilikuta mbu wengine kikajirekebisha. Leo kishindwe na nyuki?

MCHANGIAJI 1: Mkuu, klorokwini si mfano mzuri. Mwilini mwa mtu vimelea ni mabilioni, hakikosekani kimoja kikaidi. Ndani ya mbu, vinavyovuka ukuta wa tumbo mara nyingi ni vya kuhesabu kwa vidole. Tena vinahitaji kama siku 10 hadi 14 kufika kwenye mate, na mbu wengi hufa kabla. Ukivichelewesha siku chache tu, mbu anazikwa navyo.

MCHANGIAJI 2: Na ridhaa ya wananchi kabla ya mbu kuachiwa? Burkina Faso waliachia mbu dume waliobadilishwa jeni wasizae, kijiji cha Bana 2019. Agosti 2025 serikali ikasimamisha mradi. Kenya 2020 watafiti walitangaza kijidudu cha asili, Microsporidia MB, kinachozuia vimelea ndani ya mbu bila kugusa jeni. Tuanzie hapo.

MWANZISHA MADA: Wa Burkina Faso ni mbu tofauti na hawa, ila hoja ya ridhaa naipokea. Mchangiaji 1, kwenye idadi umenishika. Lakini ukichelewesha vyote, vitakavyopona ni vile vyenye mbio. Vizazi vikipita tunabaki na vimelea vinavyokomaa haraka, navyo vitaingia pia kwa mbu wa kawaida wa chumbani kwangu. Hapo ndipo nalala macho. Nani atakuwa anapima kasi hiyo baada ya mbu kuachiwa, na kwa miaka mingapi?

MCHANGIAJI 1: Ndiyo maana zimewekwa sumu mbili, siyo moja.

MWANZISHA MADA: SP nayo ni dawa mbili, mkuu.