UZI WA HASIRA: Yule jamaa wa maiki pale kiwanjani anajiona nani hasa? "Chai imeiva, leteni vikombe" ndo nini???

Tabo Bila Kelele:
Wakuu salamu leo sitoi, sina hali hiyo. Nimetoka kiwanjani sasa hivi, vumbi bado limejaa masikioni, sijaoga, sijala, naandika kwanza maana nikilala na hiki kitu kifuani naamka na presha.

Mnamjua. Sitamtaja, hapa ukitaja mtu uzi unafutwa, ila mnamjua. Yule mwenye kikoti cha njano anachokivaa mpaka msibani, maiki haimtoki mdomoni, gari hana, kila treki dei (siku ya kukimbiza magari kiwanjani) anashushwa na bodaboda getini halafu yeye ndo anatuchambua sisi tuliokuja na magari.

Iko hivi. Lapu ya nne, yaani mzunguko wa nne, natoka ile kona ya kwenye miti, chuma kinavuta, Impreza STI injini EJ207, tabo (ile inayosukumia injini hewa) inaimba, naangalia geji ya joto naona sindano inapanda. Saa nane mchana, Dodoma, mwezi wa kumi, mnalijua hilo jua. Nikafanya kila kitu ambacho mtu mwenye akili zake anafanya. Nikaachia mguu, nikapandisha gia injini izunguke taratibu, nikawasha HITA mpaka mwisho na feni mpaka mwisho, maana hita nayo ni kirejeta kidogo (rejeta ndo inayopooza maji ya injini), inalitoa joto kwenye injini inakuletea wewe usoni. Naiva mimi ili injini isiive. Jasho linatoka mpaka kwenye kope. Nikamaliza lapu nzima natembea tu, nikatoka pembeni, nikapaki kuelekea upepo, na sikuzima ghafla, maana tabo ikiwa ya moto ukizima hapo hapo oili inaungulia ndani. Nimefanya KILA KITU.

Basi ukatoka mvuke kidogo kwenye boneti. Mvuke, siyo moshi. Kidogo tu yaani.

Jitu likachukua maiki: "Mwenye gari la bluu, mwenye gari la bluu, CHAI IMEIVA, LETENI VIKOMBE."

Wakuu. Zile spika ni za mikutano ya kampeni. Chamwino wamesikia. Treni ya SGR nadhani abiria walichungulia dirishani. Yule mama wa karanga alicheka mpaka karanga zikaungua kwenye kikaango, watoto wakaanza kuimba chai chai chai, mbuzi waliokuwa wanakula kule kwenye miba wakanyanyua vichwa kuniangalia mimi.

Na baba mkwe alikuwepo. BABA MKWE. Mzee wa Kongwa, mtu wa heshima zake, mara ya kwanza namleta aone huu mchezo ninaoutolea hela kila mwezi. Naye akacheka. Alijaribu kujizuia na kofia, nikaona mabega yanatikisika. Njiani tunarudi kimya kabisa, tumefika Ihumwa ananiuliza, "Mwanangu, ile ilikuwa ya maziwa au ya rangi?"

Sasa wewe una maiki, umeona mwenzako kapata shida, si useme jamani kaeni mbali na ile gari, asije mtu akafungua mfuniko wa rejeta wa moto akaungua uso? Hapana. Vikombe. LETENI VIKOMBE. Mbele ya mkwe.

Sina la zaidi. Naomba mawazo ila siyo ya kipuuzi.

Siti ya Mbele:
Nimewahi. Yangu ya tangawizi, sukari kidogo.

Bampa ya Nyuma:
Mkuu mimi nilikuwepo, usipotoshe umma. Hakusema vikombe. Alisema "chai imeiva, leteni CHAPATI".

Tabo Bila Kelele:
VIKOMBE. Nilikuwa mita kumi kutoka kwenye spika. Vikombe.

Bampa ya Nyuma:
Chapati. Na ile siyo "mvuke kidogo", usitufanye watoto, gari ilikuwa haionekani mkuu, mimi nilidhani umepaki ndani ya wingu.

Binti Kondoa:
Mimi nimekaa tu kwenye baba mkwe nimeshindwa kuendelea 😂😂😂 posa imeshapokelewa yote au kuna salio?

Mzee wa Spana:
Kijana pole. Lap za kuipooza umefanya sawa, hita umefanya sawa, hapo nakupa maksi zote. Sasa nikuulize kama mtu wa gereji. Dodoma tupo mita 1,100 na kitu juu ya bahari, maji ya kawaida kwenye sufuria wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni presha, na presha inashikwa na mfuniko. Mfuniko mzima wa baa 1.1 (baa ni kipimo cha presha) unakupeleka mpaka kama 120 ndo maji yachemke. Mpira wake ukiwa umekauka presha inavuja, umerudi kwenye 96 yako, na injini ya tabo lapu nne kwa jua hilo inaifikia 96 bila kutoka jasho. Mfuniko umebadilisha lini? Na la pili, ndani kulikuwa na kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini) au maji ya bomba?

Tabo Bila Kelele:
Mzee shikamoo na nashukuru, ila mada hapa ni maiki. Hata ningekuwa nimeweka uji humo ndani, mtu hana haki ya kuita vikombe kwenye spika.

Siti ya Mbele:
Hajajibu swali la pili.

Altezza Mwenye Mawazo:
Hajajibu swali la kwanza pia.

Binti Kondoa:
Kulanti au maji ya bomba? Baba mkwe anasubiri jibu.

Jiwe la Kikuyu:
Kama ni maji ya bomba ya mjini hapa basi imeisha hiyo. Maji yetu ni magumu, yana chumvi chumvi, angalia birika lako ndani lilivyo jeupe halafu fikiria vile vijia vyembamba vya rejeta. Chokaa ikiganda mle joto halitoki hata ufunge feni ya helikopta. Unaona maji yapo, yanazunguka, ila rejeta imeshakuwa pambo.

Tabo Bila Kelele:
Sijasema nimeweka maji ya bomba. Msiniwekee maneno mdomoni, alishaniwekea mwenzenu vikombe.

Mwana wa Nkuhungu:
Afadhali wewe umetaniwa tu. Mimi fundi mmoja (siweki jina, wa Nkuhungu mnamjua) nimempelekea Mark X inapandisha joto kidogo kwenye foleni, narudi jioni nakuta kaing'oa themostati (kile kifungua njia maji yakipata moto) na kaitupa. Namuuliza iko wapi, ananiambia "hiyo mambo ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi". Sasa hivi gari asubuhi inatembea kilomita kumi sindano haijanyanyuka, mafuta inakunywa balaa. NATAKA THEMOSTATI YANGU.

Mzee wa Spana:
Huyo fundi angekuwa mwanafunzi wangu angefagia gereji mwaka mzima. Themostati haichemshi gari, mbovu ndo inachemsha, na dawa ya mbovu ni kuweka nzima. Ukiitoa injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inaona bado baridi inazidisha petroli, oili haipati joto la kukausha unyevu, injini inalika taratibu. Na kwenye injini nyingi ile themostati ikifunguka ndo inaziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini, ukiitoa maji mengine yanapita mkato hayaioni rejeta kabisa. Kwa hiyo unaitoa ili ipoe, kiwanjani inachemka zaidi.

Mwana wa Nkuhungu:
Mzee naomba nikuletee namba yake umtumie yeye hiyo sms.

Altezza Mwenye Mawazo:
Tuache fundi, tuongee upepo. Watu wananunua rejeta kubwa za alumini halafu pembeni kumeachwa mianya upana wa mkono. Upepo nao una akili, unapita penye urahisi, unaikwepa rejeta unaondoka zake. Mimi nimeziba mianya yote na sponji za godoro na gundi, bampa mpaka rejeta, sindano imeshuka inavyoonekana kabisa, na gharama ni ya godoro la mtoto. Pia fungueni mbele mwangalie kondensa ya AC (ile kama rejeta ndogo iliyo mbele ya rejeta), kwa vumbi la huku na zile mbegu za majani, nilitoa nyasi za kulisha ndama.

Tabo Bila Kelele:
Jamani sponji la godoro. Mimi nimedhalilishwa.

Kijana wa UDOM:
Mimi nataka kuchangia kisomi. Viwanja vingi vya mbio vya nje ya nchi vinakataza kulanti yenye glaikoli (ile dawa ya kuzuia kuganda), ikimwagika kwenye lami inateleza na ni shida kuisafisha. Wengi wanatia maji na dawa ya kuzuia kutu. Na maji yenyewe yanabeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu.

Tabo Bila Kelele:
HAYA! Mmesikia! Maji! Wazungu wanatumia MAJI!

Siti ya Mbele:
Mwenyewe kajibu swali la pili 😂😂😂

Mzee wa Spana:
Maji yaliyosafishwa kijana, yasiyo na chumvi, na dawa ndani yake. Siyo ya ndoo ya nyuma ya nyumba.

Kijana wa UDOM:
Pia huku juu hewa ni nyembamba kuliko Dar kwa kama asilimia kumi, kwa hiyo feni ile ile spidi ile ile inapitisha hewa pungufu. Mtu wa Dar anakwambia "mbona yangu haichemki", muulize yuko mita ngapi.

Mtu Mwema 2:
Habari wakuu. Mimi ni mgeni humu. Kwa maoni yangu jamaa wa maiki alikuwa sahihi, chai ilikuwa imeiva kweli, na anaifanya ile kazi kwa kujitolea bila hata soda.

Bampa ya Nyuma:
Akaunti imefunguliwa leo jioni. Kikoti cha njano karibu sana ukumbini.

Tabo Bila Kelele:
NI YEYE. Wewe! Ulisema vikombe au hukusema?

Mtu Mwema 2:
Simfahamu huyo mtu. Ila nasikia alisema vitumbua.

Binti Kondoa:
Vitumbua 😂😂😂 mods msifunge huu uzi nawaomba kwa unyenyekevu

Mama Zabibu:
Mimi sijui mambo ya rejeta, nilimsindikiza mume wangu. Mada yangu ni CHIPSI. Elfu tano sahani, viazi unavihesabu, kachumbari ni vitunguu na huzuni. Halafu choo kimoja kwa watu wote wale na ufunguo anao mlinzi ambaye naye yuko anaangalia magari. Nimezunguka kumtafuta mlinzi kuliko hizo lapu zenu.

Jiwe la Kikuyu:
Chipsi hizo nilizila mimi, nilipewa na mchanga juu. Upepo wa ule uwanja saa tisa unajua kuongeza viungo.

Mwana wa Nkuhungu:
Elfu tano? Mimi niliuziwa sita. Kwa hiyo kuna bei ya Mark X.

Mama Zabibu:
Sita??? Yule kijana wa kofia nyeupe au yule dada?

Mwana wa Nkuhungu:
Dada.

Mama Zabibu:
Basi huyo ndo alinipa chenji ya noti iliyochanika, ninayo hapa, kila duka wanaikataa.

Tabo Bila Kelele:
Naomba turudi kwenye mada jamani. Mkwe kanipigia sasa hivi, eti anauliza kesho napita saa ngapi, "tutakuwa tumeweka chai". Mnaona madhara? Mnaona?

Altezza Mwenye Mawazo:
Kuna mtu ana rejeta ya Altezza nzima isiyozibwa? Yangu naitoa, vijia vimeziba upande mmoja, nikipapasa chini ya katikati ni ya baridi wakati juu inaunguza.

Mjasiriamali wa Majengo:
Ninayo, ya Japani, haijachomelewa popote. Njoo inbox.

Altezza Mwenye Mawazo:
Weka bei hapa.

Mjasiriamali wa Majengo:
Inbox mkuu.

Jiwe la Kikuyu:
Hii tabia ya "njoo inbox" mnaitoa wapi? Kama bei ni ya halali iandike watu waione.

Kijana wa UDOM:
Bora huyo wa rejeta. Mimi kuna dalali wa viwanja kule Nala, inbox kaniambia bei, nimefika site bei nyingine, na kiwanja chenyewe siyo kile cha kwenye picha, kwenye picha kulikuwa na mti.

Mama Zabibu:
Mti upi, mbuyu? Dalali ni yule mwenye mdomo mrefu, anaendesha pikipiki nyekundu?

Kijana wa UDOM:
Huyo huyo!! Na wewe kakuonyesha ule mbuyu?

Mama Zabibu:
Kamuonyesha na shemeji yangu. Ule mbuyu umeuzwa kwa nusu ya Dodoma. Fungua uzi wake mwenyewe nije niweke picha.