MJADALA: Kamera ya mamilioni au simu na stori? Nani anaua kazi ya nani?

Fundi Taa:
Wakuu salaam. Niko kwenye kazi ya video mwaka wa tisa huu, harusi, sendofu, kipaimara, mpaka misiba. Mwaka juzi nilikopa kikoba nikanunua kamera, lenzi mbili na droni, deni bado nalipa. Sasa wiki iliyopita mwenye duka la vitenge Kariakoo nimempa bei ya laki nne, kanijibu kuna kijana atamfanyia kwa simu elfu hamsini. Ikatoka hiyo video nikaiangalia. Sekunde arobaini. Inaanza mkono umeshika kitenge, sauti inasema "hiki kimerudishwa jana, mteja anadai kinachuja, nimemwambia arudi leo na mkasi wake". Taa hakuna, picha inatikisika, nyuma kuna mtu anapita na mkokoteni. Watu wamekomenti kama vichaa. Yangu ya duka la jirani ina droni inapita juu ya Msimbazi, mpaka leo walioangalia mia mbili na kitu na nusu ni ndugu zangu. Nauliza, huu ni ubunifu au ni uhuni unaoshusha bei za wenzenu?

Kidagaa:
Mkasi wa nini sasa?

Lenzi Kali:
Fundi pole sana. Mi nasemaga kila siku, ubwabwa wa mama ntilie na wa hotelini vyote vinashibisha ila kimoja kinakupeleka hospitali. Video za simu ndo hizo, za bei poa halafu baadae mteja anarudi kwako analia.

Dada wa Chumba Kimoja:
Fundi usikasirike ila droni inapita juu ya Msimbazi inaniambia nini mimi? Paa za mabati nazijua. Mi natengeneza video za mapishi, chumba kimoja, simu naisimamisha kwenye kopo la maziwa. Mwanzo nilikuwa naanza "habari zenu jamani naitwa fulani karibuni kwenye chaneli yangu msisahau kusabskraibu", nikija kuangalia takwimu watu wote wameondoka kabla sijafika kwenye kitunguu. Siku moja maandazi yakaungua, nikaanza na andazi jeusi mkononi nikasema "haya ni ya tatu leo na nimejua kosa langu liko wapi". Wakakaa mpaka mwisho. Simu ile ile, kopo lile lile. Pesa niliyotoa ni ya maiki ya kubana kwenye kola tu, elfu kumi na tano, maana picha mbovu mtu anavumilia ila sauti ya feni hapana. Feni nazima, uso naelekeza mlangoni nipate mwanga, maneno naandika chini maana wengine wanaangalia wakiwa kwenye daladala bila sauti. Kuku wa jirani nimeshindwa naye.

Mtoto wa Ntilie:
@Lenzi Kali mengine yote nimeyaacha nimekuja kwako tu. Mama yangu kanisomesha na wadogo zangu watatu kwa huo ubwabwa. Anaamka saa tisa usiku. Taja mtu mmoja aliyepelekwa hospitali. Mmoja.

Lenzi Kali:
Dada ule ulikuwa mfano tu jamani

Mtoto wa Ntilie:
Mbona mfano hukuchukua kwenu?

Mzee Barazani:
Miye niko Unguja, kamera sijui kuishika. Lakini bibi yangu alikuwa na koroboi moja tu. Akisema "paukwa", sisi "pakawa", kisha ananyamaza, anatafuta tambuu yake kwenye kijaluba taratiiibu, na sisi watoto kumi na kitu hakuna anayekohoa. Ile tambuu hakuwa akiitaka wakati ule, nimekuja kulijua hilo ukubwani. Sasa nyinyi mwabishana lenzi.

Jirani wa Nairobi:
Nyinyi watu wa Bongo mnapenda kubishana, huku kwetu hii kesi iliisha 2020. Elsa Majimbo, yule msichana wa vichekesho, alikuwa ndani ya nyumba wakati wa korona, simu, miwani midogo na pakiti ya krispi, anatafuna akicheka, akajulikana mpaka ng'ambo. Hakukuwa na droni hapo. Na kwa hiyo ya chakula, kibandaski, hivyo vibanda vya chakula vya huku, ndio chakula safi kuliko hoteli, unaona sufuria kwa macho yako.

Lenzi Kali:
Hao wa kwako wana bahati tu. Na Khaby Lame wa TikTok msije kumleta hapa, yule Mwitaliano ana timu nzima nyuma yake.

Kijiwe Namba Tano:
Mwitaliano tena?? Khaby kazaliwa Senegal, familia ikahamia Italia yeye mdogo. Machi 2020 kaachishwa kazi kiwandani akaanza nyumbani kwao, simu na mikono miwili basi, neno hasemi. Juni 2022 ndo akawa wa kwanza duniani TikTok kwa wafuasi. Timu ilikuja baadae, hata we ukipata hela utaajiri.

Lenzi Kali:
Uraia kapewa, kwa hiyo ni Mwitaliano. Nimekosea wapi?

Kijiwe Namba Tano:
Kapewa Agosti 2022, umaarufu alishaupata. Hesabu miezi mwenyewe. Na kwa nini uende mbali, Kili Paul huyu hapa wa kwetu, kasimama na shuka lake nje ya boma kafuatisha nyimbo za Kihindi, ubalozi wa India ukampa heshima, waziri mkuu wao Modi akamtaja redioni yeye na dada yake Neema, Februari 2022.

Fundi Taa:
Wakuu swali langu lilikuwa BEI. Laki nne kwa elfu hamsini. Mnanitajia mastaa, mi nina rejesho Ijumaa.

Kidagaa:
Ila mkasi hujasema

Fundi Taa:
We Kidagaa nenda kaangalie mwenyewe usinichoshe

Mwalimu Mstaafu:
Wanangu, mnasahau na upande wa serikali. 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, leseni ilitaka shilingi milioni 2 na laki moja kwa mwaka wa kwanza, wengi wa blogu na chaneli walifunga virago. Nao YouTube ili wakugawie hela ya matangazo ya video ndefu wanataka wafuasi 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa. Sasa kijana akianza kwa mkopo wa kamera atayafikia lini hayo masaa?

Mtoto wa Ntilie:
Shikamoo mwalimu. Umenena ila bado namsubiri Lenzi Kali ataje huyo mgonjwa.

Lenzi Kali:
SAWA. 2016, mimi mwenyewe, mihogo na kachumbari, Buguruni. Siku tatu kitandani. Umeridhika?

Mtoto wa Ntilie:
Mihogo anauza muuza mihogo, ntilie anauza ubwabwa, hata unachokishambulia hukijui 😂😂

Jirani wa Nairobi:
😂😂😂 wamekumaliza

Dada wa Chumba Kimoja:
Fundi kwa hiyo bei, mi ningekuwa we ningemtafuta huyo kijana. Yeye anajua aanzie wapi, we unajua sauti na mwanga, na harusi ya watu mia tano hawezi kuishika kwa simu mpaka saa saba usiku, chaji itamuisha kabla ya keki. Mzee Barazani kasema la maana mmempita kama hayupo.

Fundi Taa:
Namba yake ninayo. Roho tu inakataa.

Kidagaa:
Nimeenda kuiangalia. Yule mteja karudi kweli na mkasi wake, kakata kipande yeye mwenyewe asije kubadilishiwa, kikachovywa kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Maji yakawa mekundu kama rozela. Mwenye duka kanyamaza, kacheka, kahesabu hela kamrudishia pale pale kwenye kamera. Halafu kasema robota zima analirudisha kwa aliyemuuzia, kesho saa nne, na mkasi anaenda nao.

Mwalimu Mstaafu:
Kesho ipi? Imeshatoka?

Kidagaa:
Bado mwalimu, nimeshaangalia mara mbili.